Ishirini, Ishirini, Ishirini

Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa pili, wagonjwa wote wa upande wangu wa wodi walikuwa wanapumua mara 20 kwa dakika. Mzee wa nimonia, 20. Kijana aliyevunjika mguu, 20. Bibi aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo jana yake, 20. Yule bwana wa kitanda cha mwisho, ambaye shida yake kubwa ilikuwa kusubiri majibu ya vipimo na kulalamikia taa, naye 20. Chati nilizijaza kwa mwandiko wa kujivunia: tarehe mahali pake, saa mahali pake, sahihi yangu pale chini imekunjwa mkia kama ya mkurugenzi.

Sista wa zamu alizikusanya zile chati, akazitandaza mezani kama karata, akaniita. Hakupaza sauti.

"Baba, hebu njoo. Hawa wagonjwa wako wamekubaliana?"

Sikumwelewa. Akaweka kidole kwenye mstari wa upumuaji wa chati ya kwanza, akahamia ya pili, akahamia ya tatu. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Nikaanza kujieleza, nadhani nilisema kitu kuhusu wagonjwa kuwa wametulia. Hakunisubiri nimalize.

"Saa unayo?"

Nilikuwa nayo.

"Ina mshale wa sekunde? Basi twende."

Alinikalisha kwenye stuli kando ya yule mzee. Nimshike kifundo cha mkono kana kwamba nahesabu mapigo, akaniambia, halafu macho niyapeleke kifuani, kwa sababu mtu akijua unamhesabu pumzi anaanza kuzipanga. Na iwe dakika nzima, si sekunde 15 mara nne. Kama hujawahi kukaa dakika nzima kando ya mgonjwa bila kuongea, bila kushika kitu kingine, ukimtazama tu, huwezi kujua dakika ina urefu gani. Ilipofika katikati nilianza kuona mambo niliyopita mbele yake asubuhi yote: tundu za pua zinapanuka kila anapovuta hewa, misuli ya shingo inasimama, midomo imekauka kwa sababu anapumulia mdomo.

Ilikuwa 34.

"Ishirini yako imezaa," Sista akasema, huku ameshaanza kumwinua mzee akae wima.

Mambo yaliyofuata yalikwenda haraka. Oksijeni, daktari akaitwa, dawa zikabadilishwa, kitanda kikasogezwa pale kinapoonekana kutoka mezani kwa wauguzi. Mzee alitoka wodini kwa miguu yake baada ya siku kadhaa na hakuwahi kujua kwamba kwa saa tano alikuwa mzima kwenye karatasi. Lakini kilichonikaa ni dakika chache baadaye, Sista aliponirudishia chati nirekebishe. Nikachukua kifutio cheupe. Akanishika mkono. "Usifute. Piga mstari mmoja tu, andika namba ya kweli pembeni, saa, na sahihi. Ule uongo wako uendelee kusomeka."

Nimefanya kazi hii miaka mingi sasa. Vijana wananiuliza njia ya kupanda katika uuguzi: kozi gani, cheti kipi, nianze na stashahada au niende moja kwa moja shahada, nibobee kwenye nini. Maswali ya haki kabisa, na nitayajibu. Ila kila nikiyajibu najikuta narudi kwenye ile 20, kwa sababu safari yangu yote naweza kuipima kwa kisanduku hicho kimoja cha chati.

Chuoni nilifundishwa vizuri, nisiwasingizie walimu. Mtu mzima aliyetulia anapumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika; hilo nililijua kwa moyo, na ndiyo maana nilichagua 20, namba iliyo ukingoni mwa usalama, isiyomwamsha mtu. Tulifundishwa pia kwa nini pumzi hupanda: mwili ukizidiwa na maambukizi au damu ikipungua, asidi inajikusanya, na mapafu ndiyo mlango wa haraka wa kuitoa kwa njia ya kaboni dayoksaidi. Presha ya kijana mwenye nguvu inaweza kukaa sawa kwa muda mrefu kwa kuwa mishipa inajibana kuitetea, halafu inaporomoka ghafla. Pumzi mara nyingi imeshasema mapema. Nilifaulu mtihani wa swali hilo. Tatizo ni kwamba presha ina mashine, joto lina kipimajoto, oksijeni ina kile kibanio cha kidole, na vyote hivyo vinakupa namba utake usitake. Pumzi haina wa kukusemea, kwa hiyo ishara inayotangulia nyingine kusema ndiyo pia nyepesi kuliko zote kuidanganyia. Wala si aibu yangu peke yangu: watafiti wamefukua chati za hospitali katika nchi mbalimbali wakakuta namba za upumuaji zimerundikana kwenye 18 na 20 kwa namna ambayo mapafu ya binadamu hayawezi kuwa yameafikiana.

Mwaka 1984 mwuguzi na mtafiti wa Marekani, Patricia Benner, alieleza jinsi muuguzi anavyokua kwa hatua tano, kutoka mgeni kabisa hadi mbobezi. Mpangilio huo aliuazima kwa ndugu wawili, Stuart na Hubert Dreyfus, waliokuwa wamechunguza marubani na wacheza sataranji. Mgeni anafuata kanuni kwa sababu hana kingine cha kushika. Mbobezi anaingia wodini na kusema "yule pale simpendi," kisha ndipo anatafuta sababu. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona Sista waziwazi. Kitu ambacho sikukielewa hadi kilipokuja kunikuta ni kwamba ngazi hiyo haipandwi mara moja. Baada ya miaka sita wodi ya wanaume nilihamishiwa kwa wagonjwa mahututi, na kwa miezi mitatu nilikuwa tena mtoto wa kuuliza bomba hili linaingia wapi. Watu waliokuwa wadogo kwangu kiumri walinisogeza kwa adabu: "Kaka, samahani, usiguse hiyo." Wauguzi wengi wazuri huacha kuhama kwa sababu ya aibu hiyo tu.

Kuhusu shahada, nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Nilianza na stashahada na niliona wenye shahada kama watu wanaojua kueleza kidonda kuliko kukifunga. Nilikuwa nimekosea, na takwimu zipo. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2014, ukiongozwa na Linda Aiken katika nchi 9, ulikuta kwamba kila idadi ya wauguzi wenye shahada ikiongezeka kwa asilimia 10 hospitalini, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Niliporudi darasani mwenyewe, nikiwa na mvi mbili tatu, sikufundishwa kuchoma sindano upya. Nilifundishwa kusoma jedwali na kulikatalia. Ujuzi huo ulikuja kunifaa mahali nisipopategemea, nitafika huko.

Lakini wodini mtu hukuzwa na mtu, na hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu neno "mlezi" limechakaa. Siku hizi unapangiwa mlezi kwa fomu: jina lake, jina lako, tarehe za kukutana, mahali pa kusaini. Wengi huishia kwenye kusaini. Sista hakupangiwa nami. Alinitwaa tu.

Alichonifanyia cha kwanza ni kunipa simu. Usiku mmoja kijana wa mguu, yuleyule, alianza kuzubaa na moyo kwenda mbio. Nikamkimbilia Sista. Akaniuliza ninaona nini, nikamweleza, akasukuma simu upande wangu. "Mpigie wewe." Nikampigia daktari na kusema maneno ambayo kila mwanafunzi duniani ameyasema: samahani kukusumbua, mgonjwa haonekani vizuri. Kimya. "Haonekani vizuri vipi?" Nikababaika hadi Sista akaikata simu kwa kidole chake. Akanipa karatasi, akachora mistari mitatu, ikawa vyumba vinne. Kinachotokea sasa hivi. Mgonjwa ni nani na ametoka wapi. Wewe unadhani ni nini. Unataka nini kifanyike. Mpango huo ulianzia kwenye nyambizi za jeshi la majini la Marekani, mahali ambapo mtu wa cheo cha chini lazima aweze kumwambia mkubwa jambo zito kwa sentensi chache, kisha ukaingia hospitalini miaka ya mwanzo ya 2000. Chumba cha nne ndicho kilichonishinda. Mimi, mwanafunzi, nimwambie daktari ninachotaka? "Andika," Sista akasema. Nikaandika: naomba uje sasa. Nikapiga tena, nikasoma kama mtoto anayesoma risala. Alikuja ndani ya dakika kumi.

Cha pili alinisimulia kosa lake. Tulikuwa tunahesabu dawa kabatini alfajiri, akainua kichupa kimoja cha potasiamu. Alikuwa na mwaka mmoja kazini, akasema, akachukua kichupa kama hicho akidhani ni maji ya kuchanganyia dawa, maana vilifanana na vilikaa rafu moja. Potasiamu isiyochanganywa ikisukumwa moja kwa moja kwenye mshipa inausimamisha moyo. Alikuwa ameshaivuta kwenye bomba la sindano na ameshafika kitandani wakati mwenzake alipouliza, kwa kuuliza tu, "umevuta nini hapo?" Hakuna kilichotokea. Hospitali nyingi leo zimekiondoa kichupa hicho kabisa kwenye rafu za wodi kwa sababu ya visa vya namna hiyo ambavyo havikuishia kwa swali. Sista alinieleza bila kujipamba na bila kulia. Kuanzia siku hiyo nilijua nikikosea nitamwambia nani.

Nalisema hili kwa sababu baadaye, mahali pengine, nilifanya kazi chini ya mtu wa aina nyingine. Alijua kazi, pengine kuliko Sista. Ila alikuwa anakugombeza mbele ya ndugu wa mgonjwa, kwa sauti ya kusikika hadi koridoni, na alikuwa na tabasamu fulani wakati anafanya hivyo. Usiku mmoja nilichelewesha dozi ya antibayotiki kwa karibu saa tatu. Tulikuwa na dharura mbili kwa mpigo na ilinitoka akilini. Nilipokumbuka niliichoma, kisha nikaandika kwenye chati saa iliyopangwa, si saa niliyochoma. Mimi, niliyewahi kushikwa mkono nisifute. Sikuwa mvivu usiku ule, nilikuwa mwoga. Mgonjwa hakudhurika nijuavyo, na hilo "nijuavyo" ndilo linaloniudhi hadi leo, kwa sababu niliharibu karatasi ambayo ingeweza kutuambia.

Nilipandishwa kuwa inchaji wa wodi mapema kuliko wenzangu niliosoma nao, na sitaki kujifanya kwamba ni uhodari mtupu. Mimi ni mwanamume. Wagonjwa wananiita daktari hata nikiwa nimeshika chombo cha haja. Uuguzi duniani ni kazi ya wanawake kwa sehemu kubwa mno, lakini wanaume tulio ndani yake tuna namna ya kupanda ngazi bila kuona nani anatusukuma; mwanasosholojia Christine Williams aliandika juu ya jambo hili tangu mwaka 1992. Kulikuwa na dada wawili pale waliostahili kiti kile kabla yangu. Mmoja wao alinifundisha kupanga ratiba ya zamu, jambo ambalo hakuna mtu mwingine aliyekumbuka kunifundisha. Uongozi nilipewa kwa njia ya funguo: za kabati la dawa, za stoo, na daftari kubwa la zamu. Hakuna aliyeniuliza kama najua kuongoza. Nilikuwa nachoma sindano vizuri, basi.

Mwezi wa pili nikiwa kwenye kiti, nikakaa na chati za usiku.

Ishirini, ishirini, ishirini.

Ningependa kuandika kwamba nilitabasamu, nikamkumbuka Sista, nikachukua stuli. Nilichofanya ni kuitisha kikao. Nikaongea juu ya maadili kwa dakika arobaini, watu waliotoka zamu ya usiku wakiwa wamesimama wanasinzia. Nikabandika tangazo ukutani. Wiki iliyofuata namba zilibadilika: 18, 20, 22, 18, 19, 22. Nilifurahi siku mbili hivi, mpaka nilipogundua kwamba zimenyunyizwa tu kwa mpangilio wa kupendeza macho.

Ndipo nikaenda kukaa zamu ya usiku mwenyewe, si kama mkaguzi, kama muuguzi wa kawaida mwenye upande wake. Tulikuwa wawili kwa wagonjwa 32. Fanya hesabu. Pumzi peke yake, dakika nzima kwa kila mtu, ni dakika 16 kwa kila muuguzi bila kutembea kutoka kitanda hadi kitanda. Ongeza presha, joto, mapigo, na kuandika. Rudia kila saa nne. Katikati kuna dawa za usiku, dripu zinazoziba, wa kugeuzwa kila saa mbili wasipate vidonda vya kulalia, anayepelekwa kupigwa picha, anayetapika, na ndugu anayepiga simu kuuliza hali. Saa kumi alfajiri nilisimama mbele ya kitanda cha 27, kalamu mkononi, mgonjwa amelala usingizi mzuri, na mkono wangu ulikuwa umeshaanza kuandika 2.

Sikuandika sifuri. Lakini nilielewa.

Kuna utafiti mwingine wa Linda Aiken na wenzake, wa mwaka 2002, uliochunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania. Ulikuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi anaambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Nilikuwa nimeisoma namba hiyo darasani na kuipigia mstari. Usiku ule nikaiona inatembea na torchi.

Sikuwa na uwezo wa kuajiri mtu. Kilichokuwa mikononi mwangu kilikuwa kidogo na nitakitaja kama kilivyo. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya meza yetu, ikitazama upande ambao hauna wagonjwa. Niliihamishia mahali inapoonekana kutoka vitandani. Nikaacha kulazimisha kila mgonjwa apimwe sawasawa: waliotoka upasuaji, wenye homa, na wale ambao muuguzi "hawapendi" wapimwe mara nyingi na kwa dakika kamili, waliotulia na wanaosubiri kwenda nyumbani wapimwe asubuhi na jioni. Kubeba sampuli maabara na kutafuta mashuka kukatoka kwa wauguzi kukaenda kwa wahudumu wa wodi. Kukabidhiana zamu kukahama kutoka mezani kwenda kitandani, anayeingia na anayetoka wakimtazama mgonjwa huyohuyo kwa pamoja, na hapo uongo unakuwa mgumu kidogo kwa sababu kifua kiko mbele yenu. Na nikapiga marufuku, kwa maneno hayohayo, kuandika namba ambayo hukuhesabu. Kisanduku kikiwa kitupu hakuna atakayegombezwa. Nilirudia hilo mara nyingi kuliko nilivyopenda, maana hakuna aliyeniamini.

Visanduku vitupu vikaanza kutokea. Kwanza viwili vitatu, kisha usiku mmoja kumi na kitu. Nikavihesabu kwa wiki nane, usiku kwa usiku, pamoja na idadi ya wauguzi waliokuwepo, nikachora mchoro mmoja wa mkono na kwenda nao ofisini. Wengi wanamkumbuka Florence Nightingale kwa taa yake usiku katika vita vya Crimea. Mimi nampendea michoro yake ya mwaka 1858, ile ya kabari za rangi, iliyowaonyesha wakubwa wa Uingereza kwamba askari waliokufa kwa maradhi yanayozuilika walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Miaka miwili baadaye shule ya uuguzi yenye jina lake ikafunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London. Alijua kwamba wenye maamuzi hawaji wodini, kwa hiyo wodi lazima iende kwao ikiwa imevaa namba.

Ofisini niliambiwa nilichotarajia: wauguzi hawapo, dunia nzima inawatafuta. Ni kweli. Kwa ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2025, dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8 mwaka 2023 na bado ilipungukiwa na milioni 5.8. Niliwajibu kwamba sijaomba milioni, naomba mmoja wa usiku. Waliutazama ule mchoro muda mrefu. Mmoja akauliza, "Hivi visanduku vitupu, kabla ya hapo vilikuwa vinajazwaje?" Nikawaambia vilikuwa vinajazwa 20. Hakuna aliyeandika jibu hilo kwenye kumbukumbu za kikao. Miezi minne baadaye tulipewa muuguzi wa tatu wa usiku, na ndiye tuliye naye hadi sasa. Watatu kwa 32. Bado si hesabu nzuri.

Sista alistaafu kitambo. Nilimpigia nilipopata cheo, akacheka, akasema pole. Nilipomsimulia habari ya kikao changu cha dakika arobaini alicheka zaidi, mpaka ikabidi nisubiri. Kisha akauliza kama nimemtwaa mtu. Nikasema nina wanafunzi wanane. "Sikuulizi wanafunzi," akasema.

Juzi asubuhi nilipitia chati za mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, binti mkimya ambaye mpaka hapo nilikuwa sijalishika jina lake. 16. 22. 14. 28, na pembeni yake ameandika saa aliyomwita muuguzi wa zamu. 19. Halafu chati ya sita, presha ipo, joto lipo, mapigo yapo, pumzi hakuna. Nikamwita. Alikuja akiwa ameshika mikono yake nyuma.

"Hii ya kitanda cha 11?"

"Samahani, inchaji. Nilianza kuhesabu nikaitwa kusaidia kule mbele. Niliporudi nilikuwa nimepotea, sikujua nimefika ngapi." Akanyamaza. "Nikaona nisiandike."

"Saa unayo?"

Akanyanyua mkono. Ina mshale wa sekunde. Nikavuta stuli mbili.